Ulimi wa Mchanga: Habari za Kijiji cha Guet Ndar

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Katibu wetu aliponiomba nizungumze leo alinipa masharti mawili. La kwanza, nisiingie katika siasa. La pili, nisipite nusu saa, maana mpira baina ya wazee na wanafunzi unaanza saa kumi, na wazee wanahitaji muda wa kutosha wa kufunga viatu. Nitajitahidi kuyatimiza yote mawili.

Wale wa rika langu watakumbuka somo la jiografia katika kidato cha tatu. Mwalimu wetu alichora ubaoni mstari wa pwani, akachora mto unaokuja baharini, kisha mbele ya mlango wa mto akachora kitu chembamba kama kidole. Akasema, "Huu ni ulimi wa mchanga. Mawimbi yanakuja kwa ubavu, yanasukuma mchanga kuelekea upande mmoja, na mto unalazimika kupinda." Tuliandika, tukakariri, tukafanya mtihani, tukafaulu. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyosha mkono kuuliza kama juu ya kile kidole kuna watu wanaishi.

Nilipata jibu la swali hilo ambalo hatukuuliza miaka mingi baadaye, nilipopelekwa kwenye semina ya juma moja huko Senegali, katika mji wa Saint-Louis. Mji huo wenyeji huuita Ndar. Wafaransa walijenga ngome yao pale mwaka 1659, juu ya kisiwa kilichomo ndani ya Mto Senegali karibu na mlango wake. Kutoka 1895 hadi 1902 ulikuwa makao makuu ya makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Mgeni akifika huonyeshwa daraja la chuma la Faidherbe la mwaka 1897, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, na nyumba za zamani zenye roshani, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000.

Lakini ukivuka daraja dogo la upande wa pili, kuelekea baharini, unaingia mahali pengine kabisa. Hapo ndipo ulipo ule mchoro wa mwalimu wetu. Ni ulimi wa mchanga unaoitwa Langue de Barbarie, na kwa Kifaransa neno hilo la kwanza maana yake ni ulimi hasa. Mkono mmoja una Bahari ya Atlantiki, mkono wa pili una mto. Na juu yake kimekaa kijiji cha wavuvi cha Guet Ndar. Siku hizi huhesabiwa kuwa mtaa wa mji, lakini wenyewe wanajijua kuwa ni kijiji. Wakazi wake hukisiwa kufika 25,000, katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu kwa robo saa. Nyumba zimebanana, watoto hawahesabiki, mbuzi wamefungwa milangoni, na kila ukuta umeegemezwa wavu.

Historia ya kijiji hiki imefungamana na ule mchanga. Mlango wa Mto Senegali una fungu la mchanga ambalo mawimbi hupasuka juu yake, na meli kubwa zilikuwa zikisubiri nje siku nyingi. Wenyeji wa Guet Ndar ndio waliojua kulipita. Walichukua abiria, barua na mizigo katika mitumbwi yao, wakawa pia marubani wa kuziongoza meli. Gavana alikuwa na mizinga, lakini hakuweza kushuka pwani bila mvuvi. Mwishowe fungu lile liliushinda mji wenyewe: Dakar ilianzishwa mwaka 1857, reli ya kutoka Dakar hadi Saint-Louis ikafunguliwa mwaka 1885, na biashara ikahamia kwenye bandari isiyo na matatizo. Wakubwa waliondoka, wavuvi wakabaki.

Hata ndege zimepita pale. Kusini kidogo ya kijiji, kwenye ulimi ule ule, palikuwa na kituo cha ndege za kutua majini. Mwezi Mei 1930 Mfaransa Jean Mermoz aliondoka Saint-Louis na barua, akavuka bahari mpaka Natal, Brazil. Nilionyeshwa mahali hapo. Siku ile palikuwa na watoto wanacheza mpira.

Kazi yenyewe ya uvuvi ni kubwa. Mitumbwi yao si kama ngalawa zetu, haina matengo. Ni mirefu, mingine inapita mita ishirini, imejengwa kwa mbao juu ya gogo la chini lililochongwa, na imepakwa rangi na maandishi ya dua na majina ya masheikh. Mashine za nyuma zilianza kuenea miaka ya 1950, na juya kubwa la kuzungusha likaja miaka ya 1970. Wakati wa baridi pepo husukuma maji ya juu, maji baridi yenye chakula cha samaki yakapanda kutoka chini, na samaki wakajaa. Wanaume huwafuata hao samaki mpaka Mauritania upande wa kaskazini na mpaka Kayar na Joal upande wa kusini. Wanawake hununua, hukausha, hutia chumvi, na ndio wanaoshika fedha. Na wale samaki wabichi ndio wanaopikwa na mchele kuwa ceebu jën, chakula ambacho watu wa Saint-Louis husema kilianza kwao.

Kuna jambo moja nisilolisahau. Kusini ya nyumba kuna makaburi ya wavuvi, na mengi yamefunikwa nyavu. Tulitoa salamu kwa "Asalaam aleikum", tukajibiwa, na hapo sikuhitaji mkalimani. Tulisimama, tukasoma Fatiha.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye sehemu iliyonifanya nichague habari hii.

Mwezi Oktoba 2003 Mto Senegali ulifurika, na mji wa Saint-Louis ukawa katika hatari ya kuzama. Wakati ule mlango wa mto ulikuwa mbali sana kusini, kwa kuwa ulimi ulikuwa umerefuka. Maji yalikuwa yanachelewa kutoka. Wakubwa walikutana kwa haraka, na uamuzi ukatolewa: ukatwe mfereji katika ulimi, kiasi cha kilomita 7 kusini ya mji, ili maji yapate njia fupi. Mfereji wenyewe ulikuwa na upana wa mita 4. Nasema tena, mita nne. Mwanafunzi wa hapa anauruka kwa kukimbia.

Dawa ilifanya kazi. Kwa siku chache tu maji yalishuka na mji ukaokoka. Lakini mfereji haukukubali kubaki mita nne. Mto ulisukuma kutoka ndani, bahari ikavuta kutoka nje, na katika miezi michache upana ukawa mamia ya mita. Miaka ilivyokwenda ukawa kilomita kadhaa. Mlango wa zamani ulijaa mchanga ukaziba. Kijiji cha Doun Baba Dieye, kilichokuwa kimejificha nyuma ya ulimi, kikawa uso kwa uso na bahari. Kikaliwa, na watu wake wakahama. Upande wa Gandiole, maji ya chumvi yaliingia katika visima na mashamba ya mboga. Na pale mlangoni mawimbi yakawa makali, na wavuvi wengi wamefia hapo.

Ni lazima niseme haki. Si kila msiba wa pwani ile umetokana na mfereji. Bahari ilikuwa inakula ufuko wa Guet Ndar tangu zamani, na mlango ule ulikwisha kuhama mara nyingi kabla yetu. Mwaka 2017 na 2018 mawimbi yalibomoa nyumba za kijijini pamoja na shule, na watu kwa maelfu wakapoteza makazi. Wengi walihamishiwa Diougop, bara, kilomita kadhaa kutoka baharini, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Tena baadaye gesi ilianza kutoka katika kisima kilichoko baharini mpakani na Mauritania, na wavuvi wanalalamika kwamba hawaruhusiwi kukaribia maeneo waliyoyazoea.

Nilimwuliza mzee mmoja, nahodha mstaafu, kama siku ile ya mfereji wavuvi walipinga. Alicheka. Alisema wengine walifurahi, kwa sababu njia ya kutoka baharini ilikuwa imefupishwa. Kisha akaniambia kwa njia ya mkalimani, "Walijua jinsi ya kufungua. Hatukusikia mtu akiuliza jinsi ya kufunga."

Ndugu zangu, nilinyamaza, na sababu ni hii. Miaka kadhaa kabla ya safari ile nilikuwa afisa kijana katika wilaya moja ya pwani. Faili lililetwa mezani kwangu: barabara inajengwa, mkandarasi anaomba kuchota mchanga karibu na mlango wa mto mmoja mdogo. Ilikuwa Ijumaa. Barabara ilikuwa inahitajika kweli, na wagonjwa walikuwa wanabebwa kwa baiskeli. Niliandika maneno mawili, "Hakuna pingamizi", nikatia sahihi, nikaenda nyumbani. Sikwenda kupatazama. Baada ya misimu michache ya kusi, banda la kuuzia samaki lilianguka, minazi ikafuata. Mvuvi mmoja alikuja ofisini, hakugomba, akasema tu, "Bwana Afisa, mchanga ule ndio uliokuwa ukuta wetu." Barabara ipo mpaka leo, na inafaa. Banda halipo.

Sikusimama hapa kuwalaumu wale wa Saint-Louis. Usiku ule, maji yakiwa magotini mwa watu, pengine hata mimi ningalisema kateni. Lakini wao walikuwa na mafuriko mlangoni, mimi nilikuwa na Ijumaa tu. Katika ukumbi huu wapo wahandisi, mahakimu, madaktari na maafisa ambao Jumatatu watakuta mafaili. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuandika yale maneno mawili, panda gari uende, na ukifika umtafute mzee anayejua mchanga ulikotoka, umwulize: tukifungua, nani atafunga?

Na kwa wanafunzi mliokaa nyuma: mwalimu akichora ubaoni, nyosheni mkono mwulize kama pana watu.

Naona mwamuzi amekwisha vaa filimbi.