Hesabu ya Watu na Ustawi Wetu
Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imependekeza kwamba, kabla ya kugawa fedha za mwaka ujao, nyumba zote za wanachama zihesabiwe na watu waliomo waandikwe katika daftari. Baadhi ya wazee wamelikataa shauri hili. Wamesema kwamba tangu zamani watoto hawahesabiwi, kwani ahesabuye watoto huwaita mauti. Hatukusimama hapa kuwadharau wazee hao. Twataka kueleza tu kwa nini kazi hii yatupasa.

Mchungaji arudipo jioni hatamki idadi ya ng'ombe, lakini akikosekana ndama mmoja hujua mara moja ni yupi. Hiyo nayo ni hesabu. Babu zetu waliwajua watu wao kwa macho, kwa kuwa walikaa mahali pamoja. Leo watu wetu wametawanyika Nairobi, Mombasa na Nakuru, na macho hayatoshi tena.

Tuitazame kwanza nchi nzima. Katika hesabu ya mwaka 1948 watu wa Kenya walikuwa kama milioni 5.4. Mwaka 1962 walikuwa milioni 8.6, mwaka 1979, milioni 15.3, na mwaka 2019 walihesabiwa watu 47,564,296. Basi katika miaka 71 watu wamezidi kuwa karibu mara tisa, na ardhi ni ile ile. Sababu kubwa ya wingi huu ni njema: chanjo, zahanati na maji safi viliwaokoa watoto ambao zamani tungaliwazika.

Serikali iliona mapema kwamba shule, hospitali na kazi zingeweza kushindwa na wingi wa watu, na mwaka 1967 ikaanzisha mpango wa kupanga uzazi. Lakini mashauri hayo hayakufuatwa upesi. Miaka kumi baadaye, uchunguzi ulionyesha kwamba mama mmoja wa Kenya alizaa, kwa wastani, karibu watoto wanane. Wala hilo si ajabu. Mzazi aliyezika watoto hawezi kutegemea wawili tu. Desturi ilibadilika watoto walipoishi, wasichana walipokaa shuleni miaka mingi zaidi, dawa za kupanga uzazi zilipofika karibu na nyumba, na baba alipoona karo inazidi na shamba linagawanyika. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani ulikuwa watoto 3.4. Hata hivyo nchi si moja katika jambo hili: Nairobi wastani haukufika watatu, hali Mandera ulikaribia wanane. Kwa hiyo dawa ya mahali pamoja haiwezi kuwa dawa ya mahali pote.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu twakumbuka kwamba Chama hiki kilinunua madawati kwa ajili ya madarasa ya watoto wadogo. Tulitoa fedha kwa moyo mmoja. Madawati yalipofika, mengi yalikosa wa kuyakalia, na wakati ule ule wasichana wetu wa sekondari walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kosa hilo lilikuwa letu sisi tunaoshika kalamu. Tulitumia daftari la zamani, la siku ambazo kila nyumba ilikuwa na watoto saba au wanane, tukadhani mambo hayajabadilika. Twaomba radhi mbele ya Mkutano huu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tena kuna jambo la wazee wenyewe. Zamani mzee alikuwa na wana wengi wa kumtunza kwa zamu. Leo pengine ana wawili, nao wote wako mjini. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa posho wazee waliotimiza miaka 70, lakini mzee asiyeandikwa hawezi kufikiwa nayo. Hali kadhalika, chini ya Katiba ya mwaka 2010 kaunti hugawiwa fedha za Serikali, na idadi ya watu ni kimojawapo cha vipimo vya mgawo huo. Anayejificha asihesabiwe huwapunguzia jirani zake dawa na barabara.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, asihesabiwe mtoto kwa kunyoshewa kidole. Mwenye nyumba mwenyewe ataje watu wake kwa majina, kama anavyowataja katika maombi yake, na karani aandike. Pili, mjane aandikwe kuwa mwenye nyumba yake, na binti aliyerudi kwa wazazi asisahauliwe. Tatu, daftari likae kwa Mweka Hazina, wala lisisomwe hadharani, ili umaskini wa mtu usiwe mazungumzo ya sokoni.

Wazee wetu, hatuombi kuhesabu ili tujue nani amezaa sana na nani amezaa kidogo. Hilo ni la mume na mke wake. Twaomba kujua ni nani anayehitaji karo, nani anahitaji kufundishwa kazi, na nani analala peke yake usiku hana wa kumtekea maji. Fedha tulizo nazo ni chache, nazo zimetoka katika jasho la wanachama. Zikipotea mara ya pili kwa kutojua, hatutakuwa na uso wa kuomba mchango tena.

Shauri tumeliweka mbele yenu. Wazee wakikubali, kalamu zetu ziko tayari.