Baada ya Diploma: Kuchagua Kazi kwa Akili na kwa Sala

Mafundisho kwa vijana wanaomaliza masomo na kwa wazazi wao, yaliyotolewa na katekista katika juma la jubilei ya parokia



Wengine wamekwisha kusema juu ya historia ya misioni yetu. Sisi tumeombwa na Baraza la parokia tuseme juu ya jambo linalotazama mbele. Jubilei ni wakati wa kushukuru, na ni wakati wa kufanya hesabu. Hesabu ya parokia si mabati na matofali tu. Ni watoto wake, na mahali wanapokwenda.

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, tunasikia vigelegele mtaani. Aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, mama anacheza, majirani wanakuja. Kisha majuma mawili yanapita, poda imeoshwa, na kijana anakaa mbele ya nyumba na ulizo moja: Sasa nifanye nini? Ulizo hilo hilo linamrudia yule aliyemaliza Chuo Kikuu na kurudi nyumbani na makaratasi yake katika bahasha. Juu ya ulizo hilo tungependa kusema leo.

I. Kuchagua ni jambo jipya katika nchi yetu

Ndugu wapenzi, babu zetu hawakuulizwa wanataka kazi gani. Wakati Tippu Tip alipokaa Kasongo, kutoka miaka ya 1870, watu wa Maniema walibebeshwa pembe za ndovu kwa njia ya Kabambare mpaka ziwa la Tanganyika, na wengi hawakuonekana tena. Mwaka 1893 askari wa Dhanis waliteka Kasongo. Bwana akabadilika, mzigo ukabaki kichwani. Katika vita vya 1914-1918 wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi wa jeshi lililokwenda Tabora. Kutoka mwaka 1917 ikaja pamba ya lazima: mtu alionyeshwa shamba, alipangiwa bei, na asiyelima alijua fimbo na kifungo.

Hata shule haikufungua milango mingi. Kwa miaka mirefu, kijana Mkongo aliyetamani masomo makubwa alikuwa na mlango mmoja karibu peke yake, yaani seminari. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954 tu. Na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza Chuo Kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Ndiyo maana tunawaambia vijana: kijana anayesimama leo na kusema "mimi nataka kazi hii" anafanya jambo ambalo babu yake alinyimwa. Basi asilifanye ovyo, wala asimwachie mwingine alifanye kwa ajili yake: wala mjomba, wala rafiki, wala njaa ya siku moja.

II. Njia zilizo mbele yetu

Njia ya kwanza ni masomo makubwa. Ni njia nzuri. Wako watoto wetu Kindu, Bukavu, Lubumbashi na hata Kinshasa. Lakini tuseme wazi mambo mawili. La kwanza: mpango wa masomo umebadilika. Zamani mtu alifanya miaka mitatu ya gradua, kisha miaka miwili ya lisansi. Kutoka mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mpango mpya, ambao lisansi inachukua miaka mitatu, na baada yake masta miaka miwili. Mzazi anayesikia "lisansi" asifikiri ni ile ile ya zamani. Aulize kwanza ni miaka mingapi, na karatasi gani inapatikana mwishoni. La pili: feza za kuandikishwa ni mwanzo wa safari tu. Kuna chumba, kuna posho, kuna vitabu, kuna dawa ya malaria. Tumeona jamaa zilizouza mbuzi wote kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hakukuwa tena na kitu cha kuuza. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza na kuhesabu gharama.

Tena, si vizuri watoto wote wakimbilie masomo ya sheria kwa sababu jina lake ni tamu. Nchi inahitaji wanasheria waaminifu. Inahitaji vile vile mtu anayejua udongo, anayejua kutengeneza daraja, anayejua ugonjwa wa mihogo.

Njia ya pili ni ualimu. Kutoka miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokuwa kama jina tu, wazazi ndio waliobeba shule mgongoni. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza masomo ya bure ya shule ya msingi, jinsi Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Madarasa yalijaa. Lakini wako walimu wengi wanaofundisha bila majina yao kuwa katika orodha ya malipo, na wanangoja mwaka baada ya mwaka. Kijana anayechagua ualimu ajue hilo mbele ya kuanza, aulize kwa mkubwa wa shule kama nafasi anayopewa inalipwa, na awe na shamba kando ya chaki. Akiisha kujua hayo na bado moyo wake unawaka mbele ya watoto, basi tunamheshimu, na parokia imheshimu.

Njia ya tatu ni uuguzi, na hapa Kasongo tuna sababu ya kusimama wima. Kutoka miaka ya 1970, Chuo cha Antwerpen kinachofundisha dawa za nchi za joto kilijaribu hapa kwetu, pamoja na waganga na wauguzi wa nchi, namna mpya ya kutunza afya: vituo vidogo karibu na vijiji, vinavyoongozwa na wauguzi, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wakubwa. Uchunguzi uliofanywa Kasongo juu ya chanjo ya surua ulitolewa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la Uingereza liitwalo The Lancet, na ulisomwa duniani kote. Katika miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya, na majaribio ya Kasongo yalikuwa mojawapo ya mifano iliyofuatwa. Kijana anayefikiri kwamba mambo makubwa hufanyika Kinshasa na Ulaya tu, akumbuke hayo: muuguzi mwenye daftari safi, katika kituo cha udongo, aliifundisha dunia kitu.

Njia ya nne ni machimbo, au kama mnavyosema, kariere. Tusijifanye kama hatuioni, kwani viti vya vijana katika kanisa vinatuambia wamekwenda wapi. Zahabu ya Namoya, upande wa Kabambare, inachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni la Banro lilianza uzalishaji kamili kule mwaka 2016. Mwaka 2019 likasimamisha kazi kwa sababu ya usalama kukosekana. Kampuni kubwa lenye mashini na walinzi lilisimama kwa muda wa miaka mitatu tu. Je, kijana mwenye nyundo na tochi anajenga juu ya nini? Anayechimba hupokea wa mwisho. Mbele yake kuna yule wanayemwita PDG wa shimo, kuna mwenye mashini ya kusaga mawe, kuna mnunuzi aliyempa posho kwa deni, kuna mtu mwenye bunduki anayedai sehemu yake. Hatusemi kwamba kuchimba ni zambi. Wako wanaume waliolea watoto kwa kazi hiyo. Tunasema: anayekwenda, aende na hesabu na na tarehe ya kurudi, na feza ya kwanza ageuze kuwa kitu kinachobaki, kama vile shamba, nyumba, au mashini ya kukoboa mpunga.

Njia ya tano ni shamba, ufundi na biashara. Wengi wanaona haya kuchukua jembe baada ya diploma. Wanasema: "Nilisoma ili niondoke shambani." Lakini tutazame sokoni. Mpunga wetu, karanga zetu na mawese yetu vinaondoka kwa kinga na pikipiki, na bei inawekwa na yule anayejua kuandika na kupima. Ikiwa mwenye diploma anakataa kuwa yule mtu, atakuwa mgeni. Fundi wa mbao, fundi wa kushona, mwenye kutengeneza pikipiki na mwenye kuweka nguvu za jua juu ya nyumba wanakula kwa mikono yao, wala hawangoji saini ya mtu. Wazee walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Juu ya upadri na utawa tutasema neno moja tu. Seminari haikuwekwa kwa kukimbia ukosefu wa kazi. Anayeitwa, aende kwa furaha. Naye aliyesoma huko kisha akatoka, asiitwe mtu aliyeshindwa. Wengi wetu tuliopita katika seminari ndogo ndio leo tunaofundisha katekisimu, tunaoandika vitabu vya ubatizo na tunaolea jamaa za Kikristu.

III. Maulizo manne ya kujiuliza

Ulizo la kwanza: Je, ninaijua kazi hii, au ninajua jina lake tu? Mbele ya kuandikishwa, nenda ukae juma moja karibu na mtu anayeifanya. Amka naye usiku mwanamke anapokuja kuzaa kituoni. Sahihisha naye daftari za watoto mia.

Ulizo la pili: Nani anaihitaji? Talanta tuliyopewa hatutaulizwa kama iling'aa, bali kama ilizaa. Kristofu Munzihirwa, aliyekuwa Askofu wetu wa Kasongo mpaka mwaka 1994, alikuwa Padri Myezuiti aliyesoma elimu ya jamii na uchumi katika Chuo Kikuu cha Leuven. Mwaka 1971 Mobutu alipoingiza wanafunzi wa Lovanium katika jeshi kwa nguvu, yeye aliyekuwa mlezi wao aliomba aingizwe pamoja nao. Masomo yake hayakumtenga na watu. Yalimrudisha kwao, mpaka alipouawa Bukavu, Askofu Mkuu, tarehe 29 Oktoba 1996.

Ulizo la tatu: Nani analipa, na nani anaachwa? Mara nyingi feza za kaka zinatoka katika masomo ya dada. Msichana anaolewa upesi ili mali yake ilipie chumba cha kaka mjini. Wazazi wetu, tunawaambia kwa heshima yote: hayo si mapatano ya jamaa, ni uzito wote juu ya bega moja. Msichana mwenye diploma aulizwe kama mvulana.

Ulizo la nne: Je, nitaweza kubaki mtu safi katika kazi hii? Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi inayopima bidhaa zinazoingia nchini. Wengi wangesema: sasa amefika. Wakamletea feza ili aachilie chakula kilichoharibika kipite kwenda kuliwa na watu. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri kule Roma. Yeye hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana wa biro, kama wengi wenu mnavyotamani kuwa. Kumbe katika biro pia mtu anaweza kuwa mtakatifu, na huko pia anaombwa kila siku kuuza jirani yake.

IV. Neno kwa wazazi na kwa Mapadri

Wazazi wapenzi, msimchagulie mtoto kazi ambayo ninyi mlikosa. Mwelezeni ukweli juu ya feza za nyumbani. Mtoto anayejua mfuko una nini atachagua vizuri kuliko yule aliyedanganywa.

Mapadri wetu, tunawaomba mambo mawili kama zawadi ya jubilei. Kila mwaka, mbele ya mtihani wa Serikali, parokia iwaite vijana wanaomaliza kwa siku moja ya sala na shauri, na pamoja na Padri waketi muuguzi, mwalimu, mkulima, mwenye duka na fundi, ili waseme kazi yao ilivyo. Na katika kila jumuiya wachaguliwe watu wawili wa kumfuata kijana mwaka wa kwanza baada ya diploma, kwani mwaka ule ndio wengi wanapotupotea.

Ninyi vijana, msiogope kuanza kidogo. Mwana wa Mungu alikaa miaka mingi katika karakana ya Nazareti, na miaka ile haikupotea. Mtakatifu Yozefu, mfanyakazi, awaongoze mikono. Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaangazie akili.

 Mungu aibariki jubilei yetu, na awabariki wale watakaosherehekea ile itakayofuata.

Tumsifu Yezu Kristu.