Uzito wa Mwili na Shabaha ya Mionzi
Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanawake wengi hutibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya mionzi, mtaalamu humchora mgonjwa alama ndogo nyongani ili alazwe vilevile kila siku ya matibabu, kwa takriban wiki 5.

Kwa mwanamke mnene, ngozi huteleza juu ya mafuta. Alama husogea, kizazi kikabaki pale pale! Mionzi ikipotoka hata sentimita 1, inaweza kuunguza kibofu au utumbo na kuacha sehemu ya uvimbe. Picha ya ndani ya mwili, inayopigwa kabla ya kuwasha mionzi, humlinda mgonjwa.

Anayekonda naye hubadilika umbo. Kwa hiyo mgonjwa asijinyime chakula. Nguo zikianza kupwaya, amweleze mtaalamu siku hiyohiyo.