Meno ya Skrubu Yakipandwa Kombo

Msikilizaji, meno bandia ya taya nzima yasiyovuliwa hushikwa na skrubu za titani, mara nyingi 4 hadi 6, zilizozama mfupani. Zikipangwa vibaya utajua: tundu la skrubu limetokeza usoni mwa jino, wali unanasa chini, mswaki haupiti, ufizi unavuja damu. Kubadilisha meno yanayoonekana pekee ni kupaka rangi nyumba yenye msingi mbovu. Daktari hufungua meno yote, hupiga picha ya CT, hukagua skrubu mojamoja. Iliyo imara ila imeinama huwekewa kiungo chenye pembe cha kurekebisha mwelekeo. Iliyolegea hutolewa, mfupa upone kwa miezi. Meno ya muda hutangulia yale ya kudumu: utafune, uongee, ucheke. Ukiahidiwa marekebisho ya siku moja, omba kwanza uonyeshwe mpango.