Video Iliyochomwa Kwenye Diski Isipofunguka: Chanzo na Utatuzi



Video za harusi, mahafali, mazishi na mikutano ya hadhara ni kumbukumbu za familia na za kata. Wengi huzihifadhi katika kompyuta, kisha huzichoma kwenye DVD ili kompyuta ipate nafasi. Malalamiko yanayofuata hufanana: diski imekataa kuchomwa, au imechomwa lakini deki haionyeshi kitu. Hasara hutokea pale ambapo faili la awali limekwisha kufutwa. Diski mbovu hununuliwa nyingine. Sauti ya marehemu haiuzwi dukani.

Tatizo la kwanza ni ukubwa. DVD ya kawaida huandikwa GB 4.7, lakini kompyuta ya Windows huionyesha kuwa na takriban GB 4.38 tu. Hakuna udanganyifu hapo. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo faili ambalo kompyuta inalisoma kuwa GB 4.5 halitaingia, hata kama ganda la diski linaonekana kuruhusu. Video hiyo igawanywe mara mbili, au itumike diski ya tabaka mbili yenye GB 8.5, mradi kifaa cha kuchomea kinaikubali.

Wanaotumia flashi badala ya diski hukutana na kikwazo cha aina nyingine: flashi ina nafasi tele, lakini ujumbe unasema faili ni kubwa mno. Mara nyingi flashi hiyo imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT huondoa kikwazo hicho, ila hufuta kila kilichomo. Yaliyomo yahamishwe kwanza.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni tofauti kati ya diski ya kuhifadhia na diski ya kutazamia. Deki nyingi za zamani husoma DVD iliyotengenezwa kwa muundo wa video, wenye picha za MPEG-2. Faili la MP4 likichomwa kama lilivyo, litafunguka kwenye kompyuta, lakini deki hiyo huenda isilitambue. Kinyume chake, video ya kamera ya kisasa yenye vipimo vya 1920 kwa 1080 ikigeuzwa kuwa DVD ya deki, hushuka hadi 720 kwa 576, na ubora uliopotea haurudi. Anayetaka vyote viwili achome diski mbili: moja ya deki kwa ajili ya wageni, nyingine ya faili halisi kwa ajili ya kumbukumbu.

Diski ikikwama katikati ya kuchomwa, kasi ipunguzwe, programu nyingine zifungwe, na kompyuta iachiwe nafasi ya kutosha kwa mafaili ya muda. Kompyuta mpakato iwe na chaji kamili, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi, DVD ya kuchomwa mara moja huwa imeharibika. Kazi ikiisha, diski ifungwe kwa kutumia chaguo la programu. Isiyofungwa huweza kusomeka katika kompyuta iliyoichoma na kukataliwa kwingine.

Kabla ya kufuta chochote, diski ifunguliwe katika kompyuta nyingine. Video itazamwe mwanzo, katikati na mwisho, kisha faili linakiliwe kutoka kwenye diski hadi folda mpya na ukubwa wake ulinganishwe na wa awali kwa baiti. Kuona jina la faili kwenye kioo hakutoshi, maana jina huweza kuonekana ilhali faili halisomeki. Hata ikifaulu, nakala ya pili iwekwe kwenye diski ya nje na ihifadhiwe nyumba nyingine.

Kwa diski za zamani zilizoanza kukwama, zipanguswe kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, bila kuzungusha, kisha zijaribiwe katika kisomeo kingine. Ikifunguka hata mara moja, video ihamishiwe kwenye kompyuta hapo hapo kabla ya kuitazama.