Kiti cha Urais na Kiti Chetu



Haya tuliyasema mkutanoni. Tunayabandika kwa waliokuwa mashambani.

Mwalimu Nyerere alishika Urais tangu 1962, bila ukomo. Mwaka 1984 Katiba ikabadilishwa: vipindi viwili tu vya miaka mitano. Novemba 1985 aling'atuka, hakuna aliyemfukuza. (Uenyekiti wa Chama aliushika hadi 1990, na hilo tuliseme.)

Lakini mtihani wa sheria hiyo ulimwangukia Mzee Mwinyi. Miaka kumi ilipotimia, 1995, akaondoka. Mkapa naye 2005.

Sasa hapa Rubafu wapo wanaouliza, uchaguzi wa kamati wa nini, kahawa si inapimwa vizuri? Jamani! Mwenyekiti tumshukuru, na kura tupige. Wagombea wajiandikishe kwa katibu.