Tazama Chini ya Baraza

Somo letu latoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Si mstari unaohubiriwa mara nyingi. Umekaa katikati ya sheria za ng'ombe aliyepotea, kiota cha ndege na shamba la mizabibu, na wengi huupita bila kusimama. Hapo Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta, ili asianguke mtu kutoka juu na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile.

Dari za nchi ile zilikuwa tambarare, nazo zilitumika. Rahabu alitandaza kitani juu ya dari yake huko Yeriko. Petro alipanda darini huko Yafa akasali. Basi palikuwa mahali pa kazi, pa wageni na pa sala. Na ajali hazikuchagua mtu: katika kitabu cha Wafalme twasoma kwamba mfalme Ahazia alianguka kutoka dirisha la chumba chake cha juu huko Samaria. Akiwa kitandani alituma wajumbe hadi Ekroni kuuliza kama atapona. Hatusikii kwamba alipata kumtuma mtu yeyote kulikagua dirisha.

Sasa, sheria hii yamtaja mjenzi. Je, mnunuzi naye? Swali hili lilitufikia wenyewe mwaka jana, tulipojaliwa kununua nyumba ya mawe mteremkoni. Upande wa nyuma ina baraza ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na mtu mzima aweza kusimama chini yake. Juu ilikuwa imepakwa rangi ikapendeza. Akina mama wa kanisa walikwisha kupanga kuja kuibariki nyumba, watu wapata 40, na chai ingenywewa pale pale barazani kwa kuwa bonde lote laonekana.

Kabla ya siku ile tulimwita fundi seremala. Yeye hakupanda juu. Aliinama akaingia chini na bisibisi yake.

"Mzee," alisema, "hii imeshikwa na misumari tu."

Alituonyesha ubao mrefu uliogongewa ukutani, ambao boriti zote huuegemea. Msumari huvumilia mzigo ukaao juu yake, lakini ukivutwa kutoka ukutani hutoka kidogo kidogo, na mwenye nyumba haoni. Tena nguzo mbili za mbele zilikuwa zimechimbiwa udongoni. Alipoichoma moja, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda na rangi. Kisha akatupigia hesabu: mtu mmoja tumhesabie kilo 60, watu 40 ni kilo 2,400. "Na wakati wa picha," akaongeza, "wote husogea upande mmoja."

Nyumbani kulikuwa na karo ya kulipa, na hoja ilikuja upesi: mwenye nyumba wa kwanza aliitumia baraza hii miaka mingi isianguke. Kweli, lakini walikuwa watu wawili na viti vyao. Tena kuoza hakungoji uzee wa nyumba. Huko Berkeley, California, tarehe 16 Juni 2015, vijana walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao roshani ilipovunjika. Walikufa 6, wengi wao wanafunzi waliotoka Ayalandi. Mbao zilizobeba roshani ile zilikuwa zimeozeshwa na maji yaliyonaswa ndani, na jengo lenyewe halikuwa limetimiza miaka 10.

Katika Kutoka, sura ya 21, kuna sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe. Mwenye ng'ombe asiyejua tabia yake ana hesabu moja. Aliyekwisha kuonywa, naye asimfunge, ana hesabu nyingine, nzito sana. Sheria haiulizi ng'ombe alizaliwa katika zizi la nani. Tangu bisibisi ile ilipozama, sisi tulikuwa tumeonywa, na hati ya nyumba ilikuwa na jina letu.

Chai iliahirishwa. Fundi aliegemeza boriti kwa miti ya muda, akaziondoa nguzo zilizoliwa, akamwaga misingi ya zege iliyoinuka juu ya udongo ili mguu wa nguzo usikae majini. Karibu na ukuta alisimamisha safu nyingine ya nguzo zilizotiwa dawa, baraza isimame kwa miguu yake yenyewe bila kuning'inia nyumbani. Palipokuwa na misumari alitoboa akapitisha bolti na nati. Akaweka na mbao za mshazari kati ya nguzo, zizuie kuyumba. Ukingo aliuinua, na nafasi kati ya fito akazibana asipenye kichwa cha mtoto. Kazi karibu yote iko chini. Wageni walipokuja waliusifu ukingo.

Ndugu, labda wewe umenunua nyumba, au umerithi ya baba, na mwezi huu kuna harusi au matanga. Kabla ya viti kupangwa, chukua bisibisi ushuke chini. Kama ni ya kupanga, mwambie mwenye nyumba, na mpaka atengeneze, wageni waketi uani.

Tuombe. Baba, wakumbuke wazazi waliopoteza watoto kule Berkeley. Walinde mafundi wanaofanya kazi chini ya mizigo mizito. Utupe fedha ya bolti na mbao kabla ya fedha ya rangi. Katika jina la Yesu. Amina.